Vikwazo vya Kyamwiru

Kyamwiru, kwa Machage
3 Machi 1974

Mwanangu Bernado,

Pokea salamu za wote wa mlima huu, wenye miguu miwili na wenye minne. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linaniambia kila asubuhi kwamba mvua haina haraka na sisi. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Pelagia, mke wa Keraryo mwalimu wa dini, amepona homa na ameshaanza tena kunigombeza. Pamba imeota hapa moja, pale moja, kama watu waliokosana. Na ninyi huko Musoma? Mkeo Selestina hajambo? Samaki sato bado mnamwona, au siku hizi mnakula furu wadogowadogo kama sisi?

Unaona ninaandika mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimenifaa, maana zamani nilikuwaga namtegemea Keraryo anisomee barua zako, na mahali pasipompendeza alikuwaga anaparuka.

Redio ya marehemu mume wangu Machage ingali hai. Betri naanika juani pamoja na michembe ya viazi, zikipata joto zinaongea kidogo. Juzi walitaja tena Rhodesia. Nikamwuliza Keraryo, "Hivi vikwazo vya uchumi ni kitu gani hasa?" Akasema, "Mtu akiwa mkaidi, wenzake wote wanakataa kumuuzia na kununua kwake mpaka ashike adabu." Nikauliza tangu lini. Akasema tangu sitini na sita. Miaka yote hiyo, na bado wanakula mkate na siagi! Nikamwambia hao waliopanga vikwazo hawajawahi kuishi uke wenza. Mke mwenza wangu alininyima moto siku moja tu, nikaomba msamaha.

Sasa neno lililonikalisha niandike. Tumeletewa Katibu Kata mpya, anaitwa Luhende, kijana mwenye viatu vizuri. Ametuita mkutano, akasema tukishavuna, wote tuhame mlimani tukajenge barabarani, nyumba zikae kwenye mistari. Niliinua mkono. "Mheshimiwa, huko barabarani maji yako wapi?" Akasema serikali italeta. Nikasema, "Ikileta nitakuja." Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Wewe umekulia hapa, mama yako alipotutoka ukiwa hujaota meno. Unakijua kisima alichochimba Machage, kwamba hata mwaka wa njaa hakikukauka. Wewe ni dereva wa lori la serikali, unapita kila mahali, unasikia. Niambie ukweli: wanasema tu, au watafanya?

Shangazi yako mlezi,
Wegesa

—

Musoma
29 Machi 1974

Shangazi Wegesa,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Selestina ameibandika barua yote ukutani karibu na saa, anaonyesha wageni. Sisi ni wazima. Sukari imeadimika mjini, mkate unapangiwa foleni, na mafuta ya gari tunagawiwa kwa kibali kwa sababu Waarabu wamepandisha bei. Mvua huku inatisha kisha inakwenda zake ziwani.

Kuhusu uliyouliza. Watafanya, Shangazi. Nami nakuomba usilipinge jambo hili. Juzi nilipitia Butiama nimebeba mabati. Watu wanajenga karibukaribu, mtoto anatoka shuleni anamwona mama yake mlangoni. Zahanati haiwezi kupanda kila kilima kumfuata mtu mmojammoja. Wewe mwenyewe unasikiliza redio: wenzetu wa Msumbiji wanakufa kwa ajili ya nchi, sisi tunaambiwa tusogee tu mwendo wa asubuhi moja. Hilo nalo litushinde?

Maji yataletwa. Nimeyaona mabomba kwa macho yangu, yamelala boharini hapa Musoma.

Kazi yangu ni ileile ya kubeba mizigo.

Mwanao,
Bernado

—

Kyamwiru
12 Mei 1974

Mwanangu Bernado,

Salamu kwako na kwa Selestina, mwambie asibandike barua zangu ukutani, siyo kalenda. Hapa hatujambo. Mtama umetoka mfupi. Ng'ombe wa Keraryo wawili wamekufa kwa kukosa majani, wangu wamesimama lakini mbavu unazihesabu kutoka mbali.

Umesikia mambo ya Ureno? Wanajeshi wamempindua mkubwa wao, na watu wakawapa maua. Nilisikia habari hiyo betri zikiwa zinakata roho, nikakimbia nje kumwambia mtu. Nikakuta hakuna mtu wa kuambiwa. Keraryo na Pelagia wamehama wiki ya Pasaka. Wengine nao wamekwenda. Nilisimama uani nikawaambia mbuzi kwamba Ureno imeanguka.

Mabomba uliyoyaona yanalala mno. Wanaohamia barabarani wanapanda mpaka hapa kwangu kuchota maji. Sijawakatalia.

Nilifikiri niende Butiama nikawaulize wazee wa kule. Si wageni kwetu, tunaoanaga nao tangu zamani. Nikawaulize kama Mwalimu mwenyewe anajua kwamba Luhende anajenga kijiji mahali ambapo hata chura hakai. Goti likakataa.

Usinitumie kitu chochote. Nina kila kitu. Hata chumvi usilete, siku hizi nakula mboga bila chumvi, goti linapenda hivyo.

Shangazi yako,
Wegesa

—

Musoma
30 Juni 1974

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Nimekuwa safarini sana, Nyegina, Murangi, tena Murangi. Huku ni wazima. Selestina ameanza kushona nguo za watoto wa shule, cherehani imemfanya mkali, hataki aulizwe chakula. Unga tunaopata sasa ni wa njano, wa msaada kutoka Marekani. Watu wanaulalamikia wanaumaliza.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mimi sikuuliza habari za chumvi. Kwa nini uliitaja? Tangu utoto wangu sijakuona ukila mboga isiyo na chumvi. Ulimrudishia mama mkwe wa Pelagia sahani ya mlenda mbele za watu kwa sababu hiyo.

Nimempa kondakta wa basi la Bunda kifurushi cha chumvi na sabuni. Tafadhali nijibu kama kimefika. Na nijibu kama umeamua kuhama. Mavuno yamekwisha, Shangazi. Mimi nalala na wazo hilo na kuamka nalo.

Mwanao,
Bernado

—

Kyamwiru
28 Julai 1974

Bernado,

Leo salamu ni fupi. Wazima.

Kifurushi chako kilifika Bunda, kikafika barabarani, hapo kikakamatwa na mgambo. Luhende aliitisha mkutano tangu mwezi wa nne. Alisema asiyekubali kuhama asiuziwe kitu kwenye duka la kijiji, asisagiwe, asisalimiwe njiani. Akasema, "Huyu mama tutamwekea vikwazo kama wale wa Rhodesia." Watu wakapiga makofi, na mimi nilikuwepo. Sikukuambia, maana nilijua utakuja na lori lako kufanya fujo. Sikujua kwamba lori lako lina kazi nyingine.

Pelagia alikwenda Murangi kwenye msiba wa dada yake. Alikuona. Alisema, "Bernado ndiye aliyekuwa kwenye usukani, nyuma wamejaa watu na kuku na milango." Nikamwambia amefananisha. Akasema, "Shangazi, mimi nimemfuta kamasi yule mtoto, nitamfananishaje?"

Mizigo! Unanibandikia habari za zahanati, kumbe mizigo yako ina miguu na inalia.

Sasa nikuambie kuhusu vikwazo, kwa kuwa mimi na wale walowezi sasa tunavijua kwa ngozi zetu. Vinavuja. Redio inasema Rhodesia inapata mafuta kupitia kwa majirani wasiojali. Mimi chumvi yangu inapitia kwa Pelagia. Anaifunga kwenye jani la mgomba, anaitia ndani ya boga lililotobolewa, anapanda nalo kichwani akijifanya anakwenda kuchota maji. Tofauti ni kwamba wale ni wadhalimu wa watu weusi mamilioni, na mimi kosa langu ni kuuliza maji yako wapi.

Nami niliweka vyangu. Siku walipokamata kifurushi, nilikata miiba ya migunga nikakizungushia kisima. Nikasema hamnisalimii, basi na maji yangu yasiwasalimie. Walikuja wanawake wakaona miiba wakarudi na ndoo tupu, nami niko mlangoni natazama. Nilijisikia vizuri, sikudanganyi. Kesho yake wakaja tena wakarudi. Nilijisikia vizuri kidogo.

Siku iliyofuata alikuja Pelagia. Hakuomba. Alikaa chini nje ya miiba, mtoto wake mgongoni, midomo ya mtoto imekauka imepasuka. Hakunisalimia, maana wameshakatazwa na safari hii mgambo alikuwa amemfuata, amesimama pale chini kwenye jiwe. Tulikaa hivyo. Kisha mtoto akanitazama akacheka, nafikiri kwa sababu ya meno yangu. Nikainuka nikavuta miiba kwa mikono hii, bado ina vidonda. Nilimwita yule mgambo, "Na wewe njoo unywe, usinifie hapa nikaambiwa nimekuua." Akaja akanywa. Hakusema asante, maana ni kusema na mimi.

Kwa hiyo vikwazo vyangu vimeshindwa. Vyao vinaendelea. Wewe endelea na kazi yako.

Wegesa

—

Musoma
15 Agosti 1974

Shangazi Wegesa,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Ni kweli. Tangu mwezi wa tatu lori letu limeingizwa kwenye Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Nilipokuandikia kwamba ninabeba mizigo, siku ileile nilikuwa nimetoka kuhamisha watu wa Nyegina. Hao walikwenda kwa hiari, waliimba njiani, mimi nikafikiri kila mahali itakuwa vile. Niliyokuandikia kuhusu shule na zahanati niliyaamini. Hata leo sijaacha kuyaamini. Ndiyo yanayonisumbua, ningekuwa siyaamini ningeshaegesha gari nikaenda kuvua.

Murangi haikuwa kama Nyegina. Kulikuwa na mzee anaitwa Machage, jina la marehemu wetu. Alikataa kusimama, mgambo wakambeba na kitanda. Alipoona wanang'oa nyasi za paa, aliomba kitu kimoja tu, mlango wake. Aliusafirisha magotini. Tulipofika kwenye kiwanja chake, hapakuwa na kitu ila kigingi chenye namba na nyasi za kiunoni. Nikamwuliza, "Mzee, nikushushie wapi?" Akasema, "Pale kwenye nyumba yangu." Akausimamisha ule mlango kwenye nyasi, akaushikilia kwa nyuma usianguke. Nilipogeuza gari alikuwa bado anaushikilia.

Sikukuandikia hayo. Ningeanzaje?

Sasa jambo lenyewe. Wametupangia Bunda. Nilimwendea mkubwa wangu nikamwambia, "Mzee, nipangie upande wa Majita, huko Bunda kuna mama yangu." Akasema, "Dereva hachagui barabara. Na wewe ukikataa, lori litakwenda na mwingine, na wewe utakwenda kwingine." Nilielewa hicho kwingine ni wapi.

Shangazi, hama kabla sijafika. Nakuomba. Au kama huhami, niambie unataka nifanye nini, nami nitafanya. Ukisema nikatae, nitakataa.

Bernado

—

Musoma
9 Septemba 1974

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Keraryo ameniandikia kwamba barua alikupa mkononi, ukaisoma, ukaiweka chini ya redio.

Msumbiji wamekubaliana na Wareno juzi kule Lusaka, watajitawala. Nilitamani kujua utasema nini.

Tunaanza upande wenu wiki ya mwisho ya mwezi huu. Ukiniandikia neno moja tu, hata tusi, litanifaa.

Bernado

—

Musoma
20 Oktoba 1974

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti halijambo na kwamba paa limeshafunikwa. Selestina anakusalimu sana. Ananiangalia akishona.

Nilikuja. Nilikuwa nimejiandaa kukukuta umejifungia, au una panga, au umekimbia. Nikakuta umeshashusha paa mwenyewe, nyasi umezifunga mafungu mazuri kama za kuuza, vyungu umevipanga kwa ukubwa, umevaa lile gauni la kanisani. Nilisema, "Shangazi, shikamoo." Ukawaambia mgambo, "Mwambieni dereva hivi vyungu vinavunjika."

Nilikufungulia mlango wa mbele. Ukapanda nyuma na mbuzi. Njia nzima nilikuona kwenye kioo, umeikumbatia redio, unatazama tulikotoka. Niliendesha polepole mpaka utingo akaniuliza kama gari ni bovu. Tulipofika ukashuka bila kushika mkono wangu.

Sijui nilitaka nini. Nilifikiri ukinitukana mbele za watu nitapona. Sasa naendesha, kila nikitazama kioo naona mahali ulipokuwa umekaa. Jana nilipitiliza njia panda ya Butiama, nikagundua nimeshafika mbali.

Ulinilea ukanifundisha kwamba mtu akinyamaziwa huwa anajua amekosa nini. Mimi najua. Ila sijui ningefanya nini kingine, na hilo hakuna wa kuniambia isipokuwa wewe.

Mwanao, kama bado,
Bernado

—

Kijiji cha Barabarani
8 Desemba 1974

Mwanangu Bernado,

Salamu nyingi kwako na kwa Selestina. Sisi ni wazima. Mvua imenyesha siku mbili mfululizo, watu wametoka na majembe, tunaambiwa hiki ni kilimo cha kufa na kupona. Mtoto wa Pelagia anatembea, anavunja vyungu ambavyo lori halikuvunja. Nyumba yangu iko mstari wa pili. Jirani wa kulia anakoroma, wa kushoto anaimba. Sijazoea. Kule mlimani nilikuwaga nasikia fisi tu.

Shule ipo, lazima niseme. Watoto wanakwenda asubuhi wanapita mbele yangu. Mabomba hayajaja. Luhende amehamishiwa kata nyingine, amekuja mtu mwenye viatu vya kawaida. Dukani wananiuzia. Kwenye mkutano wa kwanza nilinyoosha mkono nikauliza, "Maji yako wapi?" Safari hii hakuna aliyecheka.

Umeniuliza ungefanya nini kingine. Nimekaa na swali hilo tangu mwezi wa nane, na barua zako zote nimezisoma mpaka zimechoka. Ulisema nikikuambia ukatae, utakataa. Ndiyo maana sikujibu. Ningeandika "kataa", wewe ungekuwa gerezani na mimi ningekuja hapa hapa, kwa lori la mtu asiyejali vyungu. Ningeandika "njoo", ningekuwa nimekupa baraka ya kunihamisha, nami baraka hiyo sikuwa nayo. Sikuwa na neno la tatu. Niliposhusha paa langu nilifanya hivyo ili usije ukaambiwa wewe ulishushe.

Lakini kukunyamazia njiani, hilo lilikuwa hasira. Nilitaka likuume. Lilikuuma, na mimi halikunifaa kitu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita tulikuwa tunapanda kisimani, mimi na Pelagia na wanawake wengine, maana kijiji kizima bado kinakunywa maji ya Machage. Nikasema angalau Luhende alikuwa na huruma, hakukifukia kisima. Pelagia akasimama njiani. Akasema, "Huruma ya nani? Yule mgambo aliyekunywa maji yako ameniambia mwenyewe."

Kwamba siku ile, mimi nikiwa nimeshapanda nyuma na mbuzi wanalia, sisikii ya mbele, Luhende aliwaamuru wakifukie kwa mawe, ili mtu asipate sababu ya kurudi mlimani. Kwamba walikuwa wameshabeba mawe. Na kwamba dereva alifungua boneti akasema rejeta imechemka, bila maji lori halitoki hapo. Wakachota. Kisha dereva akasema kesho litachemka tena, na keshokutwa, na hakuna maji mengine mpaka Bunda. Wakifukia kisima, Operesheni itasimama, na yeye ataandika ripoti kwa mkubwa wake aeleze aliyesababisha. Luhende akatupa jiwe lake chini.

Pelagia akamwuliza yule mgambo, "Na hiyo rejeta, ilikuwa imechemka kweli?" Akasema, "Niliigusa. Ilikuwa ya uvuguvugu."

Nilikaa chini palepale njiani. Wanawake walifikiri ni goti.

Umeniandikia barua ndefu ya kujilaumu, hukuandika neno hili. Nafikiri uliona ukilisema litakuwa kama unaomba ulipwe. Au hukujua mwenyewe kwamba ni kitu. Asubuhi hii nilihesabu ndoo zilizotoka pale mpaka nikachoka kuhesabu. Waliopiga makofi siku ile ya vikwazo, wote wanakunywa.

Siwezi kukuambia kwamba ulifanya vizuri kunihamisha. Mlima wangu bado naulilia, na nikikaa nikiwaza yule mzee wa Murangi na mlango wake, nainuka nikaushike wangu. Kamtafute. Ukimkuta bado anaushikilia, mjengee ukuta nyuma yake. Hiyo ndiyo kazi ninayokupa, siyo adhabu.

Halafu njoo Jumapili moja uniamkie vizuri, nami nitaitikia. Lori liache Bunda. Njoo kwa miguu.

Shangazi yako,
Wegesa